Kabla ya mbwa wa televisheni, sokwe wa Rubondo

Mtoto wa Katoro au Kahama mwenye king'amuzi nyumbani huenda anawajua PAW Patrol, wale mbwa wa katuni wa Canada ambao tangu 2013 kazi yao ni kuokoa tu. Waliwatangulia Wonder Pets wa Marekani, mwaka 2006: simbilisi, kobe na kifaranga cha bata wanaofugwa darasani. Wanafunzi wakishatawanyika simu inalia, nao wanaruka kwenda kumtoa mnyama mchanga matatani.

Kwa Kiswahili tumechelewa, hata televisheni yenyewe ilichelewa: Zanzibar 1973, Bara 1994. Shirika la Ubongo lilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, na 2014 Ubongo Kids ikaanza kuonekana TBC1 ikifundisha hesabu na sayansi. Wadogo zaidi wakaja kupata Akili and Me. Akili ana miaka minne, anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na akisinzia anacheza na simba, kiboko na komba huku akijifunza herufi na namba. Watafiti waliwapima watoto wa Morogoro waliokitazama kipindi hicho wakakuta kweli wamejifunza. Kazi nzuri, ila wanyama wale ni walimu zaidi kuliko wahitaji.

Kisa cha kuokoa kipo Geita, tena cha kweli. Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alikuwa pia mtu wa televisheni: kipindi chake cha wanyama kilianza Ujerumani mwaka 1956. Kati ya 1966 na 1969 alisimamia kuletwa kwa sokwe 17 kisiwani Rubondo, Ziwa Victoria. Walizaliwa porini Afrika Magharibi, wakakamatwa wachanga, wakaishia kwenye vizimba na sarakasi za Ulaya. Walikuja kwa meli hadi Dar es Salaam, wakapandishwa bara, wakavushwa ziwa.

Hakuna aliyewafunza kwanza maisha ya msituni. Walijitafutia matunda wenyewe, wakaanza kukunja matawi na kutandika majani kuwa vitanda vya usiku juu ya miti. Si wote waliofaulu. Madume wawili walishambulia watu, wakapigwa risasi. Faru walioletwa kisiwani miaka hiyohiyo walimalizwa na majangili. Halafu kuna jambo ambalo wasimulizi hulipita haraka: wavuvi na wakulima wa Rubondo walihamishwa ili wanyama wapate nafasi. Kisiwa kikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977, na sokwe waliopo leo ni uzao wa wale wageni.

Mchoraji wa katuni akikichukua kisa hiki, risasi anaweza kuziacha. Watazamaji wake wana miaka minne. Waliohamishwa asiwaache. Ningemshauri aanze na sokwe aliyekulia kizimbani akijaribu kutandika kitanda chake cha kwanza, tawi likimkatikia mkononi. Boti za hifadhini anaweza kuzipatia Nkome, au Muganza upande wa Chato.