Mwizi wa Ndege Aliyeanzisha Nyeri

Mmoja wa watu walioweka msingi wa mji wa Nyeri alikuwa mwizi wa ndege. Si ndege za Wilson Airport. Ndege wenye manyoya, waliokaushwa, wakajazwa pamba tumboni na kufungwa kikaratasi mguuni.

Jina lake ni Richard Meinertzhagen, afisa wa King's African Rifles. Mwishoni mwa 1902 alishiriki uvamizi dhidi ya watu wa Tetu. Vijiji vilichomwa, mifugo ikachukuliwa, kisha ngome ikajengwa karibu na kilima cha Nyeri. Ngome hiyo ndiyo ikazaa mji ambao leo unashuka steji yake ukitafuta chai na mandazi. Wanandi wanamkumbuka kwa jambo lingine: mwaka 1905 alimuua kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, kwenye mkutano uliotangazwa kuwa wa amani.

Nilianza kusoma habari zake nikiwa mwanagenzi wa utafiti kwenye mradi mdogo wa kuhesabu wanyamapori wanaoishi mijini, kuanzia Nyeri hadi Karatina na Nanyuki. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu. Kazi hii haikuuliza digrii, iliuliza kama una macho mazuri na viatu vya kutembea kwenye tope. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi unafika mahali ulipopangiwa, unasimama dakika kumi, unaandika kila mnyama unayemwona au kumsikia. Mwewe wanaozunguka juu ya soko. Kunguru wenye shingo nyeupe kwenye pipa la taka. Kwarara wanaopiga kelele kana kwamba wanadaiwa kodi. Kima wa bonde la mto Chania wanaotembea juu ya mabati wakipigia mahesabu ndizi za mama mboga.

Msimamizi wetu alikuwa na sheria moja. Kila mstari lazima uwe na vitu vinne: nini, wapi, lini, na nani aliyeona. Kikikosekana kimoja, alisema, hiyo si data, ni stori ya matatu.

Hapo ndipo Meinertzhagen anarudi. Baada ya kuondoka kwenye jeshi la huku alipata sifa kubwa kama mtaalamu wa ndege, na mwaka 1954 mkusanyiko wake wa ndege takriban 20,000 ukapelekwa kwenye jumba la makumbusho la London. Alikufa 1967 akiwa anaheshimika. Miaka ya 1990 watafiti walianza kuwakagua ndege hao mmoja mmoja, wakiangalia hata jinsi pamba ilivyowekwa na uzi ulivyoshonwa. Wakagundua kwamba wengi hakuwakusanya yeye. Aliwaiba kwenye makusanyo ya watu wengine, akatoa lebo za kweli na kuwafunga za kwake zenye mahali na tarehe za uongo.

Unaweza kusema, sasa ndege aliyekufa ana hasara gani? Kuna bundi mdogo wa misitu ya India aliyedhaniwa ametoweka. Meinertzhagen alidai kumpata mmoja Gujarat mwaka 1914, na watu wakamtafuta kwa kufuata lebo hiyo. Kumbe bundi huyo alikuwa ameibwa. Aliyemkusanya ni mtu mwingine, miaka ya 1880. Watafiti walipoitupa lebo ya uongo na kufuata rekodi za kweli, walimpata bundi akiwa hai Maharashtra, Novemba 1997. Karatasi ndogo kama ya bei dukani ilikuwa imepeleka watu msitu usio wake.

Lebo inadanganya kwa njia nyingine pia: kwa kunyamaza. Nguruwe mkubwa wa misitu ya Mlima Kenya na Aberdare, yule mweusi mwenye mashavu mapana, ana jina la kisayansi linalobeba jina la Meinertzhagen. Alipewa mwaka 1904, baada ya afisa huyo kupeleka mabaki yake London. Lakini watu wa milima hii walimjua nguruwe huyo, wakajua anakopita na anakolala, kabla afisa yeyote hajavuka mto Chania. Kwenye lebo hawamo.

Nilikuwa na wazo hilo kichwani tulipohama mjini kwenda vijiji vya upande wa Tetu, karibu na msitu wa Aberdare, tukiwa na fomu ya maswali. Swali moja liliuliza: "Wanyamapori walianza kuonekana hapa mwaka gani?" Majibu mengi yalikuwa ya kawaida tu, 2010, 2015, juzi. Kisha nikamuuliza shosho mmoja aliyekuwa akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Waliona nani?" akauliza.

"Wanyama, shosho. Nugu, fisi, nyoka."

"Mjukuu wangu, hao walikuwa hapa. Sisi ndio tuliletwa."

Aliletwa akiwa msichana, wakati wa hali ya hatari. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliamua kuwahamisha Wakikuyu kwa nguvu kutoka kwenye mashamba yao hadi vijiji vyenye ulinzi, ili wapiganaji wa Mau Mau wakose chakula na habari. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamewekwa kwenye vijiji zaidi ya 800. Vijiji vingine havikuvunjwa baada ya vita. Viliota maduka, kanisa, mlingoti wa simu, na leo tunaviita senta. Msitu wenyewe ulikuwa umepigwa marufuku. Uliyeonekana ndani ungeweza kupigwa risasi. Ndege za kivita, hizi sasa ni zile za chuma, zilimwaga mabomu Aberdare na Mlima Kenya, na wanyama wakaumia pamoja na watu. Kando ya msitu wa Mlima Kenya ulichimbwa mtaro wa maili 50 hivi kuwatenga wapiganaji na vijiji. Walioshika majembe walikuwa wanavijiji wenyewe, wengi wao wanawake, kwa kazi ya lazima.

Miaka 35 baadaye, mwaka 1989, mpaka ulirudi ukingoni mwa msitu kwa sura nyingine. Rhino Ark ilianza kujenga uzio wa stima kuzunguka Aberdare, kulinda vifaru na kuzuia ndovu wasile mashamba. Ulikamilika 2009, karibu kilomita 400. Nilimuuliza shosho anauonaje. "Huu wa stima ni mzuri," akasema, "unazuia ndovu. Ule wa kwanza ulikuwa wa kutuzuia sisi."

Fomu haikuwa na nafasi ya jibu hilo. Niliandika pembeni, na msimamizi, kwa heshima yake, akabadilisha swali. Likawa mawili: watu walihamia hapa lini, na wanyama walionekana lini.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Ukiandika "wanyama wamevamia mji", dawa itakayofuata ni kuwafukuza, kuwatega au kuwapiga risasi. Ukiandika "mji umekua juu ya njia yao", unaanza kutafuta pa kupitia. Mfano uko upande wa pili wa mlima. Ndovu walizoea kushuka kutoka Mlima Kenya hadi msitu wa Ngare Ndare, lakini mashamba na barabara ya Nanyuki–Meru vikawakata katikati. Watu waliojua njia hiyo ya zamani walisikilizwa. Ukanda wa kilomita 14 ukatengwa, na chini ya lami ukajengwa mlango. Mwanzoni mwa 2011 fahali aliyeitwa Tony alipita chini, magari yakipita juu, na wengine wakamfuata. Leo ndovu wanavuka barabara kuu bila kumsimamisha dereva hata mmoja.

Mkataba wangu uliisha, lakini tabia ya kuandika haijaisha. Siku hizi huhitaji bunduki wala pamba, simu inatosha. Kenya Bird Map inapokea orodha za ndege kutoka kwa mtu yeyote, hata wewe uliye kwenye roshani ya gorofa ya nne ukimtazama mwewe. Andika nini, wapi, lini, na jina lako. Kama aliyekuonyesha ni mwenye boda au shosho wa jirani, mwombe ruhusa uandike na lake.