Maji ya Wali Mjini Calcutta

Mwaka 1943, wenye njaa waliobisha hodi katika nyumba za Calcutta, jimboni Bengal nchini India, hawakuomba wali. Waliomba phan, yale maji mazito ambayo mpishi huyamwaga wali ukishaiva.

Balaa lilianzia mbali. Rangoon iliangukia mikononi mwa Wajapani Machi 1942, na mchele wa Burma ukakatika. Waingereza waliotawala India, wakihofia kwamba adui angeingia Bengal, walikusanya na kuharibu maelfu ya mashua za pwani, zile zile zilizosafirisha mpunga na kuwalisha wavuvi. Oktoba kimbunga kikapiga wilaya ya Midnapore, Bengal.

Serikali ya jimbo ilijaribu kwanza kuweka kikomo cha bei. Kilichofuata muuza duka yeyote wa Kariakoo angekitabiri: mchele ulitoweka sokoni, ukaingia kwenye magendo. Machi 1943 serikali ikageuka, ikafuta kikomo, ikitumaini kwamba soko huria lingeutoa mchele mafichoni. Kilichopanda ni bei. Maund moja, karibu kilo 37, iliyouzwa Calcutta kwa rupia 13 au 14 Desemba 1942, ilifika rupia 21 mwezi Machi, ikapita rupia 30 mwezi Mei, na Agosti ikawa rupia 37. Mei hiyo hiyo vizuizi vya biashara ya nafaka kati ya Bengal na majimbo jirani vikaondolewa. Wanunuzi wa Bengal wakavamia Bihar na Orissa, na huko nako bei zikapaa. Julai mpango ukaachwa.

Mchele ulifuata pesa, na pesa zilikuwa Calcutta, ambako viwanda vya vita viliwauzia wafanyakazi wao nafaka kwa bei nafuu. Kibarua wa shamba kijijini angeshindana nao kwa ujira gani? Mchumi Amartya Sen, aliyeiona njaa hiyo akiwa mtoto wa miaka tisa, alikuja kuijengea hoja katika kitabu chake cha 1981: mtu aweza kufa njaa chakula kikiwapo, kwa kukosa tu uwezo wa kukipata.

Bombay, upande wa pili wa nchi, ilianza mgao wa kadi Mei 1943. Bengal ilisitasita. Tume ya Sir John Woodhead, iliyoichunguza njaa hiyo, ilikadiria vifo milioni 1.5, lakini watafiti wengi wa baadaye hutaja milioni 2 hadi 3.

Calcutta ilianza mgao kamili tarehe 31 Januari 1944, wakati mavuno mazuri ya Desemba yamekwisha kuingia ghalani.