Tembe la Kwihara na Kanuni za Kukarabati Nyumba ya Udongo

Kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Tabora, katika eneo la Kwihara, lipo jengo pana la udongo mwekundu lenye paa bapa, mlango mkubwa wa mbao zilizochongwa na ua katikati yake. Wenyeji na wageni hulijua kwa jina la Tembe la Dk. Livingstone. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka Kwihara, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji, katika orodha ya awali ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza kuwa Urithi wa Dunia, kama kituo kimoja katika Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu.

Makala hii inaeleza tembe ni nyumba ya namna gani, limepitia mambo gani, na kwa nini kulikarabati ni kazi tofauti na kukarabati nyumba ya mawe au ya matofali ya kuchoma. Jambo hilo si dogo. Nyumba ya udongo inaweza kuharibiwa na mtu aliyekuja kuiokoa, tena kwa nia njema na kwa fedha nyingi.

Neno tembe hutumika kwa nyumba za aina zaidi ya moja katika Tanzania ya kati na ya magharibi. Tembe la Mgogo ni nyumba ya chini, yenye kuta za miti na fito zilizokandikwa udongo, inayozunguka zizi la ng'ombe. Tembe la mfanyabiashara wa Unyanyembe lilifuata wazo hilo hilo la vyumba kuzunguka ua na paa bapa la udongo, lakini kuta zake zilikuwa nene na ndefu zaidi, na mbele yake palikuwa na baraza ya kupokelea wageni na mlango wa nakshi kwa mtindo wa pwani. Kwa hiyo nyumba hii ilizaliwa na ujuzi wa aina mbili. Umbo na udongo ni vya bara; baraza na mlango vilipanda na misafara kutoka Unguja na Bagamoyo. Atakayelikarabati bila kuutambua uzazi huo atalifanya ama nyumba ya pwani isiyo na mawe, ama nyumba ya kijijini yenye mlango usioeleweka umefuata nini.

Paa bapa halikuwa pambo. Boriti za miti ya miombo zilipangwa karibu karibu, juu yake fito na majani, kisha tabaka nene la udongo lililoshindiliwa. Paa la namna hiyo ni zito mno, lakini halishiki moto kirahisi kama paa la nyasi, na ndani yake mna ubaridi hata jua la Septemba linapochoma. Kwa mtu aliyeweka akiba ya nguo, shanga, nyaya za shaba na pembe za ndovu, moto na wizi vilikuwa hofu ya kila siku. Ndiyo maana nyumba hizi zilikuwa na mlango mmoja mkubwa na madirisha machache madogo.

Hofu hiyo ilithibitika mwaka 1871. Henry Morton Stanley aliwasili Unyanyembe mwezi Juni mwaka huo, baada ya mwendo wa karibu miezi mitatu kutoka Bagamoyo, akapokewa na Said bin Salim, liwali aliyemwakilisha Sultani wa Zanzibar, na kupewa makazi Kwihara. Wakati huo Mirambo, mtawala wa Urambo, alikuwa ameifunga njia ya kwenda Ujiji, na wafanyabiashara Waarabu waliamua kumpiga vita. Walishindwa. Mwezi Agosti majeshi ya Mirambo yaliingia Tabora, Khamis bin Abdullah akauawa, na sehemu ya mji ikateketezwa. Huko Kwihara, Stanley aliamuru kuta za tembe zitobolewe matundu ya bunduki na mashimo ya wapiganaji yachimbwe kuzunguka nyumba. Mirambo hakuja. Stanley aliondoka kwa njia ya kusini, na Novemba alimkuta David Livingstone Ujiji.

Wawili hao walirejea Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Stanley aliondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi. Livingstone alibaki akingoja wapagazi ambao Stanley angemtumia kutoka Zanzibar, na walipofika alianza safari yake ya mwisho tarehe 25 Agosti. Katika shajara yake ya miezi hiyo ya kungoja aliandika hata juu ya ndege waliokuja kwenye mikomamanga iliyokuwa uani. Maelezo madogo kama hayo yana thamani kubwa kwa mkarabati, kwa sababu yanamwambia kwamba ua haukuwa uwanja mtupu wa kufagiwa, bali palikuwa na miti ya matunda na kivuli.

Alikaa hapo kwa muda unaozidi kidogo miezi sita, na nyumba ikapewa jina lake. Si vibaya kwa kuwatambulisha wageni, ila jina hilo hufunika mengi. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, na walioubeba mwili wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, walipitia tena Unyanyembe. Hapo walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wamzike papo hapo. Walikataa, wakaendelea hadi pwani, na mwili ukazikwa Westminster Abbey mwezi Aprili 1874. Uamuzi ule ulifanywa na Waafrika waliokuwa wameajiriwa kubeba mizigo. Wapagazi wa Kinyamwezi, ambao migongo yao ndiyo iliyoibeba biashara yote ya njia hii, na watumwa waliopitishwa hapo wakiwa wamefungwa, wana haki ya kutajwa ndani ya kuta hizi kwa nafasi isiyopungua ile ya mgeni aliyezipa jina.

Jengo linaloonekana leo si lile lenyewe la karne ya 19. La kwanza lilibomoka, na katikati ya karne ya 20 lilijengwa jingine mahali pale pale likifuata ramani ya la kale. Wapo wanaouliza: kama ni hivyo, tunahifadhi nini? Swali ni la haki, na jibu lake ndilo linaloongoza kanuni zote za ukarabati. Ukuta wa udongo haukusudiwi kudumu bila kuguswa. Hata siku Said bin Salim alipokuwa liwali, matembe ya Unyanyembe yalikandikwa upya na mapaa kushindiliwa upya, kila mvua ilipoyalegeza. Kinachodumu katika nyumba ya namna hii ni mahali, mpangilio wa vyumba, aina ya malighafi na ujuzi wa mikono. Vitu hivyo vinne vikihifadhiwa, nyumba ni ile ile ingawa udongo wake ni wa mwaka jana. Vikipotea, hata kama yamesalia matofali mia moja ya mwaka 1871, nyumba haipo.

Adui wa kwanza ni maji. Mvua za Tabora huanza kwa kawaida Novemba na kuendelea hadi Aprili, na huweza kunyesha kwa kishindo. Maji huingia kwa juu kupitia nyufa za paa, na kwa chini hupanda kutoka ardhini kwenda kwenye tako la ukuta. Ukuta hupungua unene karibu na msingi, hujikunja kama mtu anayeumwa kiuno, kisha huanguka siku ambayo hakuna aliyeitarajia, mara nyingi baada ya mvua kwisha, wakati udongo uliolowa unapokauka na kusinyaa. Adui wa pili ni mchwa. Hupanda ndani ya ukuta wasionekane, wakala vichwa vya boriti pale zinapokalia ukuta. Fundi mwenye uzoefu hugonga kila boriti kwa kipini cha nyundo na kusikiliza. Mlio wa kitu kilicho wazi ndani humtosha. Mninga uliokomaa hustahimili mchwa kuliko miti mingi ya miombo, lakini ni mti wa bei na unavunwa kwa kibali, hivyo makadirio ya gharama lazima yaanzie hapo.

Adui wa tatu ni saruji. Hili linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa linakwenda kinyume na mazoea ya mafundi wetu. Ukuta wa udongo hunyonya unyevu na kuutoa hewani siku zote. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu unaopanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea. Hujikusanya nyuma ya lipu, udongo hulainika, chumvi hujitengeneza, na lipu, ambayo ni ngumu na haifuati mwendo wa ukuta, hubanduka kwa mapande makubwa ikiwa imebeba sehemu ya ukuta wenyewe. Ubaya ni kwamba kwa mwaka wa kwanza au wa pili nyumba hupendeza sana. Ukuta huozea ndani huku nje ukionekana imara, na aliyesaini hati ya kupokea kazi amekwisha kuhama kituo.

Mfano wa nje unafaa kutajwa, nao unatoka katika nchi ambayo wafanyabiashara wengi wa Unyanyembe walikuwa na asili yake. Ngome ya Bahla nchini Oman, iliyojengwa kwa matofali mabichi, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikawekwa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Iliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2004, baada ya kazi ya miaka mingi ya kuirudishia malighafi za udongo na mbinu za jadi. Karibu na kwetu, makaburi ya Kasubi nchini Uganda yaliteketea kwa moto Machi 2010, na yakatoka katika orodha ya hatari mwaka 2023. Fedha peke yake hazikutosha. Ilibidi watafutwe na waandaliwe watu wanaojua kuezeka kwa nyasi kama walivyoezeka wazee wao.

Kwa tembe, kazi huanza na udongo. Usichukuliwe udongo wowote uliopo. Udongo wenye mfinyanzi mwingi hupasuka ukikauka. Wenye mchanga mwingi huporomoka kwa mvua. Kipimo rahisi ni kujaza udongo uliolowa katika kisanduku cha mbao chembamba chenye urefu wa sentimita 60, kuuacha ukauke, kisha kupima umesinyaa kwa kiasi gani. Ukisinyaa sana huongezwa mchanga. Udongo wa kichuguu hupendwa na mafundi wengi wa bara kwa kuwa hushikamana vizuri, na majani makavu yaliyokatwakatwa au samadi ya ng'ombe huzuia nyufa. Mchanganyiko huachwa uvundike kwa siku kadhaa, hukanyagwa, kisha hupakwa kwa tabaka mbili au tatu, kila moja ikikauka kabla ya nyingine. Ufa mpana haujazwi kwa juu juu. Huchimbwa, hulowanishwa, na kuzibwa kwa vipande vya matofali mabichi ya udongo ule ule.

Hapa linaingia suala la mashimo. Mafundi wa zamani walichimba udongo jirani na nyumba, na kila tembe liliacha shimo lake. Kwihara yaliongezeka yale ya mwaka 1871. Shimo kuukuu likisahauliwa hujaa taka za enzi yake: vigae, shanga, mifupa, majivu. Kwa mwanaakiolojia hiyo ni hati isiyo na mwandishi, na pengine ndiyo mahali pekee ambapo wapagazi na wanawake wa nyumba ile wameacha alama yao. Kwa sababu hiyo udongo wa ukarabati sharti utoke mbali na kiwanja cha tembe. Mfereji wa kuondoa maji ya mvua nao usichimbwe kabla ya mtaalamu kuikagua ardhi. Zaidi ya hayo, katika sehemu nyingi za nchi imeenea imani kwamba Waarabu au Wajerumani walizika mali kando ya majengo yao, na wapo wanaochimba usiku kuitafuta. Wanachokipata ni vigae, nao huvitupa. Shimo lao hubaki kuwa bwawa la mvua karibu na msingi.

Kisheria, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inayalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na inampa Waziri mamlaka ya kuyatangaza mengine kuwa ya kuhifadhiwa. Kubomoa, kubadili au kuchimba katika eneo lililohifadhiwa bila idhini ni kosa. Mwenye nyumba ya zamani mjini Tabora, Ujiji au Mpwapwa anayetaka kuifanyia matengenezo anashauriwa aanze kwa kuuliza Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, maana ushauri hupatikana kwa wepesi kuliko ukuta ulioanguka.

Kalenda ya kazi huamuliwa na mvua. Mei na Juni, ardhi ikianza kukauka, hukaguliwa msingi, na kila alama ya maji hupigwa picha na kuandikwa. Julai hadi Septemba ni wakati wa kukandika na kubadili boriti, kwa sababu udongo hukauka taratibu bila kunyeshewa. Oktoba mtu hupanda juu ya paa akiwa na ndoo ya maji, huimwaga sehemu mbalimbali, na kutazama yanakoelekea. Yakituama mahali popote, hapo ndipo pa kushindilia upya kabla ya wingu la kwanza.