Kiongoza Mashine, Si Kidhibiti

Mashine za kuchonga mbao kwa kompyuta zimeshaingia katika karakana za Dar es Salaam, kwa mafundi samani wa Keko na hata uani kwa watu. Chuma chake hudumu miaka mingi. Kinachochoka mapema ni kompyuta yenyewe. Nyingi za zamani hutumia programu ya Mach3 juu ya Windows XP, mfumo ulioachwa na Microsoft tangu Aprili 2014, na waya wake huchomekwa kwenye tundu la pini 25 ambalo kompyuta nyingi za leo hazina. Ikigoma kuwaka, mwenye karakana hutoka kwenda kutafuta nyingine. Anatafuta nini, kwa Kiswahili?

Wanaokaa kwenye kamati za istilahi wameshajijibu: kidhibiti. Neno hilo linabandikwa kila mahali, na mwandishi wa makala haya analikataa.

Dhibiti limetoka katika Kiarabu, dhabata, yaani kushika barabara. Shina hilo hilo limetupa dhabiti na madhubuti, na kwa Waarabu dhabit ni afisa wa jeshi. Ni kweli kwamba wenyewe hulitumia pia kwa kurekebisha chombo, lakini Kiswahili kilichukua zaidi upande mmoja: kubana na kuzuia. Tunadhibiti magendo, moto, kipindupindu. Kenya ilipolazimisha matatu kufunga vidhibiti mwendo mwaka 2004, kazi yake ilikuwa kuyazuia yasizidi kilomita 80 kwa saa. Hakuna abiria aliyedhani kifaa hicho ndicho kinachoendesha gari.

Kompyuta ya karakana haizuii kitu. Inasoma mchoro, kisha inaituma kila mota hatua kwa hatua: kulia, mbele, chini. Mota ya kawaida ya aina hiyo hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Kila hatua ikigawanywa mara 8, na skrubu ikisogea milimita 5 kwa mzunguko, milimita moja inakuwa hatua 320. Huko ni kuongoza. Ongoza ni la ukoo wa ongoa, kuweka kwenye njia iliyo sawa, lenye ndugu kama mwongozo na mwongofu. Umbo nalo halina ugeni: tunasema kipaza sauti, kinasa sauti, kizima moto. Basi na tuseme kiongoza mashine. Anayedai kuwa neno hilo ni la mitaani aeleze kwanza kwa nini kinasa sauti kilikubalika.

Wapo pia wanaopendekeza tarakilishi dhibiti, tarakilishi likiwa neno la kubuni la kompyuta. Kompyuta imeshakaa vinywani mwa Watanzania, na kuiondoa ili kumfurahisha mtunga kamusi ni kupoteza muda wa watu wenye kazi.

Hasara ya kidhibiti inaonekana kwenye mashine yenyewe. Hapo pana swichi za mwisho wa safari, pana kitufe chekundu cha dharura, na pembeni pana stabilaiza ya kupambana na umeme unaopanda na kushuka. Hivyo vyote vinazuia kweli; vyote vinastahili jina la kidhibiti. Kompyuta ikiitwa hivyo hivyo, mnunuzi anayetuma kijana Kariakoo kuleta "kidhibiti" asishangae akiletewa stabilaiza.

Kwa anayebadilisha kompyuta: kabla ile kuukuu haijafa, nakili faili la mipangilio, hasa hatua kwa milimita, kisha chagua kati ya programu ya LinuxCNC kwenye kompyuta nyingine na bodi ndogo ya Arduino yenye programu ya GRBL. Zote mbili hazidai leseni ya kulipia.

Walimu wa ufundi na waandishi wa vitabu vya VETA, mamlaka ya elimu ya ufundi stadi, wasisubiri kikao kingine. Waandike kiongoza mashine, na kidhibiti wakiachie kazi ya kuzuia.