Shule za Rangi na Lugha ya Mji: Mombasa, 1912–1964

Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ilifungua Mombasa shule iliyoitwa Shule ya Waarabu. Jina hilo lilikuwa na utata tangu mwanzo. Watoto wengi wa Mji wa Kale walikuwa na nasaba za Uarabuni, lakini lugha waliyoinyonya kwa mama zao ilikuwa Kimvita. Na jirani zao wa Thenashara Taifa, waliosali nao na kuoana nao, serikali ilisita daima kuwaita Waarabu. Suala hili halikuwa la fahari tupu. Ripoti ya Profesa Nelson Fraser ya mwaka 1909 ilikwisha kushauri elimu igawanywe kwa rangi, na Mwafrika afunzwe zaidi kazi za mikono. Kwa hiyo jina aliloandikiwa mtu ndilo lililoamua kodi yake, kura yake, na benchi la mwanawe. Katika uchaguzi wa mwaka 1927 Thenashara Taifa waliachwa nje ya orodha ya wapiga kura wa Kiarabu, wasiingizwe hadi mwaka 1952. Yafaa ikubaliwe kwamba baadhi ya walalamikaji walitaka kupandishwa daraja tu. Ngazi yenyewe hawakuigusa.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliliona jambo hili kwa upande mwingine. Katika Sahifa, aliyoianzisha mwaka 1930, na baadaye katika Al-Islah, alihofia elimu ya kisasa isiyomjengea mtoto dini yake wala lugha ya Kiarabu. Hakuikataa elimu hiyo. Aliitaka, lakini iingie mjini kwa kubisha hodi. Na hoja hiyo aliitoa kwa Kiswahili.

Kiswahili nacho kilikuwa kimepatwa na hukumu. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, ukaipita lahaja ya mji ule ule uliowakaribisha wajumbe, lahaja ambayo Krapf aliifanya shina la kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882. Ulazima wa kuwa na lugha moja ya vitabu haukanushiki. Lakini mtoto aliyesema mtele, ndia na nti alikuta shuleni mchele, njia na nchi. Na tofauti ya t ya meno na t ya ufizi, ambayo sikio la Mvita haliikosi, haikupewa alama katika maandishi sanifu. Tena mtoto huyo alikuwa akiishi katika mji wa Muyaka bin Haji, ambaye tungo zake zilihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor hata zikachapishwa mwaka 1940. Kosa la daftarini lilikuwa fasaha barazani.

Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza shule za rangi ziunganishwe. Kuunganisha madarasa, hata hivyo, si kuunganisha mafunzo, na hapo ndipo kazi ya Shihabuddin Chiraghdin ilipokuwa na uzito. Mwalimu huyu mzawa wa Mombasa, ambaye kwa hesabu ya kikoloni ya nasaba za baba angeandikwa Mhindi, alihariri Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir iliyotoka mwaka 1971. Kimvita kikaingia kitabuni kikiwa lugha ya mtunzi aliye hai. Chiraghdin alifariki mwaka 1976; Historia ya Kiswahili, aliyoiandika pamoja na Mathias Mnyampala wa Tanganyika, ilitoka mwaka uliofuata.