Mgeni Aliyeshika Ufunguo

Desemba iliyopita jamaa mmoja kutoka Nairobi alikodi nyumba yetu ya wageni hapa Malindi. Alilipia watu wanne, siku tatu. Ijumaa usiku mlinzi akanipigia: "Kaka, wameshuka kumi na mmoja, na spika kubwa kama friji." Nikanyamaza. Nani anataka kupewa nyota moja msimu wa sikukuu?

Siku ya kuondoka, akagoma kutoka. Alitaka nusu ya pesa zake. Sababu? Bahari ilikuwa na mwani, na adhana ilimwamsha alfajiri. "Ufunguo ninao, bro. Tuma pesa, nitoke." Wageni waliofuata walikuwa washafika Kilifi. Nikatuma.

Jioni nilienda kukaa karibu na ile nguzo ya Vasco da Gama, yenye msalaba juu. Tukiwa shule tulifundishwa kwamba Mombasa walimkataa, Malindi wakamkaribisha. Kile ambacho hatukuambiwa ni alivyokuwa mgeni wa aina gani.

Kuna shajara iliyoandikwa na mmoja wa watu waliosafiri naye. Inaeleza kwamba alipotia nanga hapa, Aprili 1498, tayari alikuwa ameteka chombo njiani pamoja na watu waliokuwamo. Mfalme wa Malindi alimtumia kondoo 6, karafuu, bizari, tangawizi na pilipili manga. Akamwalika mjini. Da Gama akakataa kushuka. Ikabidi mwenyeji ndiye atoke kwa mashua kumfuata mgeni baharini! Mateka wakaachiliwa, zikafuata siku za shamrashamra. Kisha siku mbili zikapita bila mtu kufika merikebuni, na rubani aliyeahidiwa hajaonekana. Mtumishi wa karibu wa mfalme alipopanda chomboni, Da Gama akamkamata: nipe rubani, nikupe mtu wako. Mfalme akatoa rubani.

Nikacheka peke yangu. Kumbe mambo ya ufunguo hayakuanza na mimi.

Mfalme hakuwa mjinga. Alikuwa na uhasama na Mombasa, akahitaji rafiki mwenye mizinga. Mimi nilihitaji nyota. Lakini mgeni anayejua unamhitaji hana haja ya adabu. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, waliijenga Mombasa, na mtawala wa Malindi akahamishiwa huko. Mji uliokaribisha ukabaki kufifia.

Watu husema ukarimu wa Pwani hauna mipaka. Si kweli. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikuta kila mfanyabiashara mgeni ana mwenyeji wake mmoja, na ndiye aliyemuuzia na kumnunulia bidhaa. Mgeni alikuwa na mtu wa kumjibia. Nenda Lamu, uangalie nyumba za mawe za zamani: mlangoni kuna daka lenye baraza, ambapo mgeni hupokewa kwanza. Kisha kuna sabule, chumba cha mgeni, kilichowekwa mahali ambapo anaweza kukaa na kulala bila kupita ndani kwa wenyewe. Alitunzwa vizuri, ila kuta zilimwonyesha anapokoma. Na wazee walioacha methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone, ndio hao hao waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Mimi nilishika methali moja, nikaisahau ya pili.

Siku hizi kuna baraza ya saruji nje ya geti. Mgeni anakaa hapo, anapewa maji ya madafu, mlinzi anahesabu vichwa, amana inalipwa, ndipo ufunguo unatoka. Mwezi uliopita kuna kundi lililokuja wanane badala ya wanne. Mlinzi akawaambia, kwa upole, kwamba wanne wanakaribishwa sana.

Wakaondoka wakinuna, na usiku ule nyumba ikalala tupu. Bado nahesabu hiyo hasara, lakini ufunguo ulilala kwangu.