Kutoka NSL hadi Ligi Kuu: Jinsi klabu za Kenya zinavyofuzu na zinavyokwama

KILA msimu wa soka unapokaribia tamati, macho ya mashabiki wengi nchini huelekezwa kileleni mwa jedwali la Ligi Kuu. Hata hivyo, ngarambe inayoamua hatima ya klabu nyingi zaidi huchezwa ngazi moja chini yake, katika Supa Ligi ya Taifa, inayojulikana kwa kifupi NSL. Humo ndimo klabu hupigania nafasi mbili na nusu za kuingia Ligi Kuu, na humo ndimo nyingine hutoweka kimyakimya bila hata kuagwa.

Nafasi hizo ni mbili na nusu kwa hesabu hii. Ligi Kuu ya Kenya ina timu 18. Zinazomaliza katika nafasi ya 17 na ya 18 huteremshwa ngazi moja kwa moja, na mahali pake huchukuliwa na mbili za kwanza za NSL. Timu iliyomaliza ya tatu katika NSL hupewa nafasi ya mwisho ya kujaribu bahati: hukutana na iliyoshika nafasi ya 16 katika Ligi Kuu kwenye mchujo wa mikondo miwili, nyumbani na ugenini. Anayeshinda kwa jumla ya mabao hucheza Ligi Kuu msimu unaofuata.

Mchujo huo hauna mwenyewe. Mwaka 2019 Posta Rangers, waliokuwa wameyumba msimu mzima, waliwazima Nairobi Stima na kusalia Ligi Kuu. Mwaka uliofuata mambo yaligeuka, Vihiga United wakapanda kwa kuwabwaga Kisumu All Stars, ambao walikuwa wamepanda msimu mmoja tu uliotangulia. Mwaka 2024 Sofapaka, mabingwa wa Ligi Kuu wa 2009, walilazimika kupitia tundu hilo la sindano dhidi ya Naivas kabla ya kunusurika.

NSL yenyewe katika misimu ya karibuni imekuwa na timu 20 katika jedwali moja. Hiyo ina maana ya mechi 38 kwa kila klabu, 19 nyumbani na 19 ugenini, na jumla ya mechi 380. Haikuwa hivyo daima. Hadi mwaka 2016 ligi hiyo ilichezwa kwa kanda mbili, na klabu hazikulazimika kuzunguka nchi nzima. Kuunganishwa kwa kanda mwaka 2017 kuliifanya ngarambe kuwa ya haki zaidi, kwa kuwa kila timu sasa hupimwa kwa mizani moja. Lakini haki hiyo ina gharama. Klabu ya Mombasa inayosafiri kumenyana na wenyeji wa Bungoma hukata zaidi ya kilomita 800 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na safari hiyo hulipiwa na klabu isiyokuwa na hakika ya mapato ya runinga wala ya mlangoni.

Chini ya NSL ipo Divisheni ya Kwanza, ambayo imebaki na kanda mbili, A na B, na mshindi wa kila kanda hupanda hadi NSL. Kisha huja Divisheni ya Pili, ligi za maeneo, ligi za kaunti na ligi za kaunti ndogo. Kwa maandishi, basi, timu ya mtaa iliyosajiliwa leo katika kaunti ndogo inaweza kufika Ligi Kuu kwa kupanda mara sita. Ingehitaji kushinda kila mwaka, bila kuteleza hata mara moja. Wengi hukwama njiani, na mara nyingi kinachowakwamisha si kipigo uwanjani bali nauli.

Uhaba wa fedha huingia katika jedwali kwa njia ambayo shabiki wa mbali hawezi kuiona. Kanuni humtaka mwenyeji kuhakikisha kuna ambulansi na usalama uwanjani kabla ya kipenga cha kwanza. Ambulansi ikikosekana, mechi haichezwi na mgeni huondoka na pointi tatu za mezani. Timu isiyofika ugenini hupoteza vivyo hivyo. Mtu anayesoma matokeo hayo gazetini huona ushindi kama ushindi mwingine wowote, ilhali hakuna mpira uliopigwa. Katika ligi ambayo nafasi ya pili na ya tatu huweza kutenganishwa na pointi moja, ratiba iliyomkutanisha mtu na mpinzani aliyeishiwa na fedha mwezi wa Aprili badala ya Oktoba si jambo dogo.

Anayekosa kufika mara tatu hufurushwa. Adhabu hiyo haiwahusu wanyonge wa NSL peke yao. SoNy Sugar ya Awendo, mabingwa wa Kenya mwaka 2006, waliondolewa katika Ligi Kuu mwishoni mwa 2019 baada ya kususia mechi tatu kwa kukosa fedha, na ligi ikaendelea na timu 17. Chemelil Sugar waliwafuata kwa kuteremshwa mwaka 2020. Muhoroni Youth walishuka 2017, wakarejea 2023, wakashuka tena 2024 pamoja na Nzoia Sugar. Ukiyapanga majina hayo pamoja utaiona ramani ya viwanda vya sukari vya magharibi mwa Kenya na taabu zake. Kiwanda kilipokuwa kikilipa wakulima kwa wakati, timu ilikuwa na basi na mishahara. Kilipoanza kuzimika, timu ilizimika nacho.

Kilichowapata watu wa sukari kiliwapata pia wa maduka. Nakumatt walipanda Ligi Kuu mwaka 2017 wakiwa na jina la mnyororo wa maduka uliokuwa ukitambulika kote Afrika Mashariki. Mwaka huo huo mnyororo huo ulianza kuporomoka kwa madeni. Klabu ilipata wamiliki wapya 2018, ikabadili jina na kuitwa Mount Kenya United, na kufikia katikati ya 2019 ilikuwa imeshushwa ngazi. Ndiyo maana wanaofuatilia daraja la pili kwa makini huuliza kwanza ni nani analipa mishahara, kisha ndipo huuliza nani anafunga mabao. Timu za vikosi vya usalama, kama vile Kenya Police, APS Bomet na Ulinzi Stars, zina faida ambayo haionekani katika jedwali lolote: mchezaji anaweza kuajiriwa kazi ya kudumu na kubaki nayo hata goti likivunjika.

Lakini hata klabu yenye fedha na pointi haijafuzu hadi ofisi zikubali, na hapa ndipo historia ya daraja hili inapokuwa chungu.

Mwaka 2016 washindi wa NSL, Kariobangi Sharks na Nzoia Sugar, walipanda kwa haki isiyobishaniwa. Shirikisho la Soka la Kenya, FKF, lilitaka Ligi Kuu ipanuliwe kutoka timu 16 hadi 18, na Zoo ya Kericho pamoja na Nakumatt zikaingizwa. Kampuni ya KPL, iliyokuwa ikiendesha Ligi Kuu wakati huo, ilipinga upanuzi. Wakati huo huo Sofapaka na Muhoroni Youth zilinyimwa leseni na shirikisho kwa madai ya kutotimiza masharti. Mambo yakaishia mbele ya mawakili na Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo. Hatimaye ligi ilichezwa na timu 18, zote nne zikiwemo. Gharama yake ilikuwa kubwa: kampuni ya SuperSport, iliyokuwa ikipeperusha mechi na kuzilipa klabu tangu 2007, ilijiondoa mwaka huo wa 2017 ikilalamikia upanuzi huo. Klabu zilipata ligi kubwa zaidi na mfuko mdogo zaidi. Zoo nao walidumu hadi 2021, Fifa ilipowafurusha kwa kosa la kupanga matokeo.

Virusi vya korona vilileta mzozo wa aina nyingine. Soka ilisimamishwa Machi 2020, na tarehe 30 Aprili FKF likatangaza kuwa msimu umefika mwisho. Gor Mahia walitawazwa mabingwa wa Ligi Kuu, huku Nairobi City Stars na Bidco United, waliokuwa wakiongoza NSL, wakipandishwa. KPL ilidai kuwa uamuzi huo haukuwa wa shirikisho kufanya. City Stars walikuwa wameongoza kwa mwanya mkubwa na wachache waliwaonea gere. Swali lilikuwa juu ya waliokuwa nyuma yao, ambao bado walikuwa na mechi mkononi na matumaini moyoni. Mkataba wa KPL ulipomalizika Septemba mwaka huo, shirikisho lilichukua usimamizi wa ligi zote, na tangu hapo anayeamua nani anashuka ndiye yule yule anayeamua nani anapanda.

Hakuna kisa kinachouma kama cha msimu wa 2021/22. Mnamo Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Michezo, Amina Mohamed, alivunja afisi za FKF na kuteua kamati ya muda iliyoongozwa na jaji mstaafu Aaron Ringera. Fifa iliijibu hatua hiyo kwa kuipiga Kenya marufuku Februari 2022. Ligi ziliendelea chini ya kamati. Katika Ligi Kuu Tusker na Kakamega Homeboyz walimaliza kwa pointi 63 kila mmoja na Tusker wakatwaa ubingwa kwa ubora wa mabao. Katika NSL, APS Bomet na Fortune Sacco ya Kirinyaga walimaliza katika nafasi mbili za kupanda. Walikuwa wamecheza msimu mzima na kushinda walichotakiwa kushinda.

Marufuku ya Fifa iliondolewa Novemba 2022 na uongozi wa awali wa shirikisho ukarejea. Ukakataa kuyatambua matokeo ya msimu ulioendeshwa na kamati. Hakuna aliyepanda, hakuna aliyeshuka. Mathare United na Vihiga Bullets, waliokuwa wamevuta mkia, wakarejeshwa Ligi Kuu. APS Bomet na Fortune Sacco wakaambiwa wabaki walikokuwa. Shirikisho lilikuwa na hoja yake kisheria, kwani ligi isiyotambuliwa na Fifa haina mahali pa kusimama. Ila hoja hiyo haikumrudishia mchezaji yeyote mwaka wake. Mshambuliaji wa miaka 28 aliyeipandisha timu yake mwaka 2022 alikuwa na misimu michache tu ya kujaribu tena, na aliyesajiliwa kwa ahadi ya Ligi Kuu alijikuta katika mabasi yale yale ya NSL. Kilichowapa wengine kicheko ni kuwa Mathare na Bullets, walionusuriwa na karatasi, waliteremshwa mwishoni mwa msimu uliofuata.

Msimu huo uliofuata, wa 2022/23, ulikuwa wa Murang'a SEAL na Shabana. SEAL walikuwa wakiingia Ligi Kuu kwa mara ya kwanza. Shabana walikuwa wakirudi nyumbani baada ya miaka 17, kwani walishuka mwaka 2006, na kwa muda wote huo uwanja wa Gusii mjini Kisii ulibaki na mashabiki bila ligi inayowafaa. Waliwafuata vijana wao katika viwanja vya daraja la chini kwa idadi ambayo klabu kadha za Ligi Kuu zingeionea wivu, wakiimba "Tore Bobe". Siku Shabana walipopanda, Ligi Kuu ilipata zaidi ya timu moja mpya, ilipata umati.

Waliopanda hawaji kila mara kushiriki tu. Kenya Police walifuzu mwaka 2021 na kufikia 2025 walikuwa mabingwa wa nchi kwa mara ya kwanza. Kariobangi Sharks walitwaa Kombe la Ngao miaka miwili tu baada ya kupanda, na Novemba mwaka huo wa 2018 wakacheza na Everton uwanjani Goodison Park.

Ila hakuna aliyevuruga mpangilio wa madaraja kama Nairobi United. Msimu wa 2024/25 walikuwa bado katika NSL. Walifuzu Ligi Kuu, kisha Juni 2025 wakawashinda Gor Mahia 2-1 katika fainali ya Kombe la FKF. Kwa kuwa mshindi wa kombe hilo huiwakilisha Kenya katika Kombe la Mashirikisho barani Afrika, klabu ambayo haikuwa imepiga hata pasi moja ya Ligi Kuu ilijikuta na tiketi ya bara. Masharti ya leseni ya Caf hayatofautishi aliyepanda jana na aliyekuwepo tangu zamani: timu za vijana, daktari, uwanja unaokubalika, vitabu vya hesabu. Nairobi United waliyatimiza, na Oktoba 2025 wakawang'oa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa mikwaju ya penalti na kuingia hatua ya makundi.

Timu iliyopanda pamoja nao mwaka huo ilikuwa APS Bomet, miaka mitatu baada ya kufuzu mara ya kwanza.